Mario wa Unguja Alikwenda Mwendo wa Pole

Najua nimeadimika. Kazi za chumba cha habari zikikukamata hazikupi nafasi hata ya kumaliza kikombe cha kahawa, sembuse kuandika mambo yako mwenyewe. Lakini leo nimejiiba, nimekaa na kikombe changu, na nimeamua siasa tuziweke kando kidogo.

Leo nataka tuzungumze gemu. Ndiyo, gemu! Zile za kaseti na pedi, za kuitwa na mama mara tatu ukajibu "nakuja" na huji. Mwenye kudharau naomba anivumilie hadi mwisho, kwa sababu ndani ya habari hii mna Serikali ya Mapinduzi, mna waya wa chini ya bahari, mna Maskati, na mna kesi moja ya kifamilia ambayo mshitakiwa wake ni mimi.

Kisa kilivyoanza

Waya wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo kutazama video kwenye intaneti hapa Unguja kulihitaji subira ya Nabii Ayubu: unabonyeza, unakwenda kusali, unarudi, bado inazunguka. Miaka michache baadaye mambo yakawa mepesi, nami usiku mmoja nikiwa chuoni nikaamua kumtafuta rafiki yangu wa utotoni, Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985.

Nikafungua video. Muziki ukaanza. Nikaguna. Mbona wameuharakisha? Muziki nilioukariri mimi ulikuwa unatembea, huu unakimbia. Mario naye anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto! Nikafungua video ya pili, hali ileile. Ya tatu, hali ileile. Nikasema hawa watu wote wamekubaliana kuuharibu utoto wangu.

Ilinichukua siku kadhaa za kusoma hadi nikaukubali ukweli. Video zilikuwa sawa. Aliyekuwa na kasoro ni Mario wangu mimi. Miaka yote ile, kwenye kile chumba cha jirani Mkunazini tulikokuwa tukilipa kucheza, Mario wa Unguja alikuwa akienda mwendo wa pole, na sisi hatujui.

Na si kwa kukisia. Kuna hesabu kamili, na ukiifuata hiyo hesabu inakupeleka mbali sana na kaseti.

Namba 50

Geuza chombo chochote cha umeme nyumbani kwako, pasi, feni au friji, usome kile kibandiko cha nyuma. Utaona V 230 au 240, na pembeni yake Hz 50. Maana yake ni kwamba umeme wetu haupiti kama maji kwenye bomba. Unakwenda na kurudi, mara 50 kila sekunde. Waingereza ndio waliotuachia mfumo huo, kwa sababu kwao ni hivyo. Wamarekani wao walichagua 60.

Sasa, wakati televisheni inabuniwa, mafundi walikuwa na tatizo. Ikiwa picha inabadilika kwa mwendo mmoja na umeme unapiga kwa mwendo mwingine, kwenye kioo huonekana mabaka ya mistari yanayopanda na kushuka, na macho yanachoka. Dawa ikawa ni kuifanya televisheni iende na mapigo ya umeme wa nchi husika. Marekani televisheni ikachora mara 60 kwa sekunde. Ulaya ikachora mara 50. Rangi zilipokuja, Marekani walikuwa na mfumo wao wa NTSC wa mwaka 1953, na Wajerumani wakaja na PAL, ambao Uingereza na Ujerumani Magharibi walianza kuutumia mwaka 1967.

Weka hilo kichwani, turudi nyumbani.

Mwaka 1973

Hapa naomba Wazanzibari wenzangu tujivune kidogo. Mwaka 1973 Televisheni Zanzibar, TVZ yetu, ilianza kurusha matangazo, na iliyarusha kwa rangi. Ilikuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Afrika Kusini, na utajiri wake wote, ilianza televisheni mwaka 1976. Kwa Mwalimu Nyerere televisheni ilikuwa anasa, kwa hiyo ndugu zetu wa Bara walisubiri hadi vituo vya binafsi vilipoanza mwaka 1994. Oman, ambako nusu ya ukoo wangu umehamia, walianza Novemba 1974. Yaani kisiwa cha karafuu kiliitangulia Maskati! Bibi yangu mpaka leo akikumbushwa hilo hucheka kwa raha.

Mfumo uliochaguliwa ulikuwa PAL, mistari 625, picha kamili 25 kwa sekunde, kila picha ikichorwa kwa mikupuo miwili. Hiyo mikupuo ndiyo inayofanya 50. Uamuzi ulikuwa wa busara kabisa. Umeme wetu ni wa 50, na PAL ilikuwa na picha nzuri na rangi zisizogeuka. Mimi sina lawama na wazee wa 1973. Walichukua kitu bora kilichokuwepo.

Lakini kila uamuzi una mkia wake, na mkia wa huu ulikuwa mrefu.

Mkia wa kwanza ni filamu. Sinema kama zile za Majestic pale Vuga huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde. PAL inataka 25. Vituo vya televisheni vya nchi za PAL vikafanya jambo jepesi: viliiharakisha filamu kidogo, asilimia 4, na kanda za video za PAL zikawa hivyohivyo. Filamu ya Kihindi ya saa 3, ile ya kulia mpaka kanga inalowa, ikiharakishwa hivyo hupoteza dakika 7 hivi bila ya kukatwa hata kipande kimoja. Basi mama zetu waliliona penzi lilelile, ila limekwenda mbiombio.

Mkia wa pili ni gemu. Na huu ulivuta upande wa pili.

Kaseti na mistari 50 ya kungojea

Mashine ya Nintendo iliyozaa yote haya, Famicom, ilitoka Japani mwaka 1983. Ile halisi mimi sikuwahi kuishika, na nadhani wengi wenu pia. Tulichoshika sisi ni nakala: mashine za bei nafuu kutoka Asia, zikija kwa njia ya Dubai ndani ya makontena na mabegi ya wasafiri, na kaseti za rangi ya manjano zilizoandikwa kwamba ndani mna michezo 9,999,999. Ukihesabu unakuta sita au saba, iliyobaki ni Mario uleule amebadilishiwa hatua ya kuanzia. Mtoto wa Unguja alijifunza mapema kutoamini tangazo!

Mchezo wa Kijapani uliandikwa kwa televisheni ya 60. Kila fremu moja ikichorwa, Mario anasogea hatua yake. Fremu 60, hatua 60 kwa sekunde. Programu haikuwa na saa ya ukutani. Fremu ndiyo ilikuwa saa yake.

Mashine nyingi za nakala zilizotengenezwa kwa nchi za PAL zilitumia chipu za kampuni ya UMC ya Taiwan, na mafundi wa UMC walifanya ujanja ambao nauheshimu hadi leo. Fremu ya Kijapani ina mistari 262. Ya PAL ina mistari 312. Tofauti ni 50. Badala ya kuupanga mchezo upya, waliiacha chipu ichore mistari yake yote kama ilivyozoea, kisha ingoje ile mistari 50 ya ziada ipite bila ya kuchora kitu, ndipo ianze fremu nyingine. Kwa njia hiyo kaseti ya Kijapani ikacheza kwenye televisheni ya PAL bila ya kuvurugika.

Ila ule ungojaji ndio uliotuchelewesha. Fremu zikawa 50 badala ya 60. Mario akapoteza karibu asilimia 17 ya mwendo wake. Hata muziki, kwa kuwa nao ulihesabu kwa fremu, ukapungua mwendo, lakini sauti ikabaki karibu ileile. Ndiyo maana hatukushtuka. Mtu akikuimbia wimbo kwa sauti sahihi, taratibu kidogo, utasema ana adabu.

Nimekuahidi hesabu, ndiyo hii. Hatua ya kwanza ya Mario inakupa 400 pale juu kwenye saa yake. Kila moja hukaa kwa fremu 24. Zidisha, unapata fremu 9,600. Kwa mtoto wa Tokyo hizo ni sekunde 160, dakika 2 na sekunde 40. Kwa mtoto wa Mkunazini ni sekunde 192, dakika 3 na sekunde 12. Saa ileile kwenye kioo, lakini sisi tulipewa zaidi ya nusu dakika ya bure. Wengine watasema tulipendelewa!

Na wakubwa wenye mashine halisi Ulaya hawakusalimika. Sonic wa mwaka 1991, ambaye sifa yake yote ni mbio, kwenye Sega za Ulaya alikwenda taratibu vilevile, na juu na chini ya picha kulikuwa na mabaka meusi, kwa sababu PAL ina mistari mingi kuliko picha aliyochorewa. Kwa hiyo mtoto wa London na mtoto wa Unguja walikuwa jahazi moja.

Hapo nilipofika nilitaka kuandika kwamba basi, ni umeme wa mkoloni uliotuchelewesha, tufunge mjadala. Ingekuwa hadithi tamu. Lakini haikubali! Kwa sababu Tokyo yenyewe, mji ulioko upande wa mashariki wa Japani, umeme wake ni wa 50 kama wetu. Mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mitambo ya Kijerumani na Osaka ikanunua ya Kimarekani, na mpaka leo nchi ile imegawika, mashariki 50, magharibi 60. Televisheni yao iliyoanza mwaka 1953 ilifuata mfumo wa Kimarekani wa 60 nchi nzima, na umeme wa Tokyo haukuizuia.

Kwa hiyo mapigo ya umeme hayakuwa amri ya Mungu. Yalikuwa chaguo. Na mwenye kutengeneza gemu naye alikuwa na chaguo lake: kuuandika mchezo upya kwa ajili ya wenye 50, au kuuacha ulivyo. Kwa michezo mingi waliuacha ulivyo.

Kesi yangu

Sasa naja kwenye ile kesi.

Idi ya mwaka 2006 mtoto wa ami yangu alikuja kutoka Maskati. Mkubwa wangu kwa miaka miwili, kanzu ya kunyooka, marashi, na ndani ya begi PlayStation 2. Si kama zile zetu za vibandani. Yake ilikuwa toleo la Kimarekani, imenunuliwa Dubai, na alikuja na transfoma nzito ya kupunguza umeme, kwa sababu mashine ya Kimarekani inataka V 120 na sisi tuna 230. Televisheni ya zamani ya bibi iliikataa kabisa. Picha ilitoka nyeusi na nyeupe, inapanda kama lifti. Ikabidi tuhamie kwa ami, aliyekuwa na televisheni mpya yenye kukubali mifumo yote.

Tukacheza mpira. Mimi katika vibanda vya Ng'ambo nilikuwa bingwa. Nasema bila ya haya, bingwa! Shilingi 200 kwa mechi, mshindi haachii pedi, na kuna siku nilikaa tangu laasiri hadi magharibi kwa mia mbili moja tu. Lakini siku ile kila shuti yangu ilipaa juu ya goli. Kila pasi ndefu ilitoka nje. Nikafungwa mechi ya kwanza, ya pili, ya tano. Akaniwekea mkono begani mbele ya watoto wote wa mtaa akasema, "Ndugu yangu, mikono yako mizito. Gemu haikuwekwa kwa ajili yenu." Watu wakacheka. Neno lile lilinikaa.

Kilichotokea nimekuja kukielewa baadaye. Tuseme kipimo cha nguvu ya shuti kinajaa kwa fremu 30. Kwenye mashine ya 50 hiyo ni sekunde 0.6. Kwenye mashine ya 60 ni sekunde 0.5. Kidole changu kilijifunza 0.6, kikazoea kama kinavyozoea kufunga kifungo cha shati gizani. Mikono yangu haikuwa mizito. Ilikuwa sahihi, ila kwa saa nyingine.

Lakini nikiwa na umri wa miaka kumi na kitu ningejuaje? Nilijua nimeaibishwa tu. Kesho yake asubuhi, wao wamelala baada ya futari ya sita, nikaingia kimya kimya kufanya mazoezi. Nikaichomeka mashine. Moja kwa moja ukutani. Transfoma nimeisahau pale pembeni, inanitazama.

Ikasema "tap!" Basi. Halafu ile harufu. Wenye kuijua wanaijua.

Mtoto wa ami hakunisemesha mpaka siku aliyopanda ndege. Ami alilipa kimya kimya, na mimi nilibeba maji kwa mwezi mzima. Ile kauli ya mikono mizito nikaiamini kwa miaka. Nikaacha kucheza na watu nisiowajua.

Miaka ya giza

Huwezi kuandika historia ya gemu Unguja ukaruka umeme wenyewe. Tangu mwaka 1980 kisiwa kilikuwa kikila umeme wa Bara kupitia waya mmoja wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, uwezo wake megawati 45. Mei 2008 ukakatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima hadi katikati ya Juni. Tukadhani tumeonja mwisho wa mabaya. Disemba 2009 ukakatika tena, mpaka Machi 2010. Miezi 3! Tena ni musimu wa kaskazi, joto la kuivisha yai. Wengine walipoteza biashara nzima za samaki na barafu, na maji ya bomba yalikuwa ya kuvizia. Sitaki kulinganisha gemu na mateso yale.

Ila vibanda vichache vilivyokuwa na jenereta viliendelea, na ndani yake ilizaliwa imani moja: kwamba jenereta ikilemewa, wachezaji uwanjani nao wanachoka. Mechi ya jioni ilisemwa ni nzito kuliko ya mchana. Kuna waliokataa kulipa kwa sababu hiyo!

Nawasikitikia, haikuwa kweli. Jenereta ndogo ya petroli huzunguka mara 3,000 kwa dakika, ndiyo 50 kwa sekunde. Ikilemewa hupungua kweli, na televisheni ya kioo kizito hulalamika: picha inasinyaa pembeni na kuyumba. Lakini mashine ya gemu huugeuza umeme kwanza, na ndani yake ina fuwele ndogo inayopiga saa yake yenyewe. Umeme ukipungua sana inazima, na ukiwa hukuhifadhi, ligi nzima imekwenda na maji. Kuchelewa, haichelewi. Ule uzito wa jioni ulikuwa macho yetu na moshi wa jenereta.

Waya mpya wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013 kwa fedha za mpango wa Marekani wa MCC, na giza la namna ile halijarudi. Mwaka huohuo Sony waliacha kutengeneza PlayStation 2. Sisi tuliendelea nazo.

Chuo kikuu cha kuteremsha

Upande wa kompyuta kulikuwa na skuli nyingine. Mikahawa ya intaneti ya Mji Mkongwe ilijengwa kwa ajili ya watalii kusoma barua zao, lakini usiku, watalii wakishalala, ilikuwa yetu. Mchezo ulikuwa GTA San Andreas, uliotoka kwa kompyuta mwaka 2005. Kasha lake lilitaka angalau prosesa ya Gigahezi 1, kumbukumbu ya MB 256 na kadi ya picha ya MB 64.

Kadi ya picha? Kompyuta zile hazikuwa na kadi ya picha. Zilikuwa na chipu ya Intel iliyobandikwa kwenye bodi, isiyo na kumbukumbu yake yenyewe, ikikopa kwenye kumbukumbu ya kompyuta kama jirani anayekuja kila siku na kikombe cha sukari. Ukiufungua mchezo kama ulivyo unapata fremu 8 au 10. Gari inaruka kama maonyesho ya picha za harusi.

Hapo ndipo tulipojifunza. Rafiki yangu mmoja wa Kikwajuni alikuwa daktari wa mambo hayo. Anakaa, anavuta kiti, anaingia kwenye mipangilio ya picha na kuanza kupasua. Ukubwa wa picha kutoka 1024 kwa 768 kwenda 640 kwa 480: pikseli zinashuka kutoka 786,432 hadi 307,200, chini ya nusu. Umbali wa kuona, chini kabisa, milima inazaliwa mbele yako kama mizuka. Vivuli, zima. Ulainishaji wa kingo, zima. Mji unakuwa wa udongo na ukungu, lakini unatembea. Fremu 20, 22. "Sasa unacheza," anasema, anainuka.

Siku moja nikaona kile kifungo cha kuzuia fremu, nikamwambia na hiki tukizime basi, tupae. Akanishika mkono. Mchezo ule ukiwa umezuiwa huenda fremu 25 hivi kwa sekunde, na walioutengeneza walifunga baadhi ya mambo kwenye fremu hizo, kama Mario wa 1985. Kwenye mashine kali ukizima kizuizi, picha ni laini, lakini mtu wako anaogelea kama amefungwa jiwe na magari yanafanya vituko. Nikashangaa. Miaka 20 imepita na bado fremu ni saa! Na mara hii aliyepata tabu ni mwenye mashine kali.

Rafiki yangu huyo leo ni fundi wa mitandao ya mahoteli huko Nungwi na Paje. Ukimuuliza amesomea wapi, atakutajia chuo. Mimi najua alikosomea.

Leo

Ukuta wa 50 na 60 umeanguka. Tangu Xbox 360 ya mwaka 2005 na PlayStation 3 ya mwaka 2006, pamoja na televisheni bapa zinazokubali vyote, mashine ya Unguja na ya Tokyo zinachora sawa. TVZ nayo imekuwa sehemu ya ZBC. Watoto wa leo wanacheza kwenye simu, na vibanda vingi nilivyovijua vimekuwa maduka ya vifuniko vya simu.

Ukuta mpya ni bei. Juzi Forodhani niliwaona vijana wawili wanacheza mpira kwenye simu, mmoja ana simu ya maana, mwenzake ya kawaida. Wa pili ameteremsha kila kitu, ameondoa kifuniko cha nyuma na ameielekeza simu kwenye upepo wa bahari. Nikajua anachofanya. Chipu ikipata moto hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na fremu zinaanguka. Upepo wa bahari umekuwa sehemu ya mipangilio ya picha! Akafungwa, mwenzake akamwambia, "Wewe mzito bwana."

Nilitaka kupita. Sikuweza. Nikawaambia badilishaneni simu, mrudie. Wakaniona mzee wa ajabu, lakini wakabadilishana. Matokeo sitayasema, maana mechi moja si ushahidi. Ila yule wa kwanza, alipoishika ile simu ya moto, alikaa kimya dakika nzima, kisha akasema, "Kumbe unachezea hii?"

Hilo tu ndilo nililokuwa nikilitaka mwaka 2006. Mtu aishike pedi yangu, aseme kumbe.

Mtoto wa ami yuko Maskati bado, ana watoto watatu. Mwezi uliopita nilimtumia hesabu yote hii, ya sekunde 0.5 na 0.6, kwa ujumbe wa sauti wa dakika 7. Akanijibu kwa maneno machache: "Sawa, mikono haikuwa mizito. Na mashine yangu je?"

Ana haki. Ile sina hesabu ya kuitetea.

Nawaomba kitu kimoja. Kama kwenu kuna mashine ya zamani juu ya kabati, kaseti ya manjano au televisheni yenye mgongo, msiitupe kwanza. Na kama baba au mjomba alikuwa na kibanda cha gemu, muulizeni alianza lini, bei ilikuwa ngapi, mashine zilitoka wapi, aliendeshaje siku za giza, halafu muyaandike. Sinema zetu zimepata watu wa kuziandikia vitabu. Vibanda vya gemu vinaondoka kimya, na wenye navyo wanazeeka.

Nanyi mlicheza wapi? Na nani aliwaambia kwamba mikono yenu ni mizito?

Alamsiki.